Dole la Masizi

Mhunzi mimi Malapa,
Sikuzoea kuapa,
Alama i papahapa
Ya masizi ukutani.

Alikuja na mvua,
Farasi achechemea,
Mama nyuma akohoa,
Wakasita mlangoni.

Akasema: "Jina langu
Ni Dilawari, na tangu
Baba afe, ulimwengu
Umenishika kooni.

Vyuma vinne nipigie,
Deni langu nishikie,
Sijui kalamu mie,
Nina dole mkononi."

Akachovya dole lile,
Akabana papo pale.
Mke wangu, kwa kelele:
"Umeibiwa machoni!"

Askari wa Raja wetu
Hawakulipwa; viatu
Walivitafuna watu
Kwa njaa, huko kambini.

Wakazingira malango,
Usipite hata ungo;
Waziri mwenye maringo
Kajifungia chooni.

Dilawari alitoka
Na gunia, kaliweka;
Fedha ikamiminika
Kama ulezi chanoni.

Nani angemuuliza
Wapi alikoitoza?
Njaa ikishanyamaza
Swali hulala tumboni.

Kesho yake jemadari,
Mwaka wa pili waziri,
Wa tatu mwenye mhuri
Na funguo kiunoni.

Raja alibakiziwa
Tembo aliyepambiwa,
Na kwa mwaka kutolewa
Siku moja, Dasarani.

Kalamu hakuijua,
Ila farasi kwa pua
Elfu moja atambua
Kwa majina, na gizani.

Alfajiri huswalia
Juu ya ngozi; na pia
Mafuta huzipatia
Taa zetu hekaluni.

Honama akanichoma:
"Nenda kadai kwa hima!
Yu juu ya chako chuma
Anapokaa kitini."

Sikwenda. Akaja yeye,
Si mvua, si mamaye;
Akaona alamaye,
Akanong'ona: "Ni deni.

Nafurahi hukufuta.
Sasa elfu kumi leta
Vyuma; tunakwenda vita
Na Wamaratha nyikani."

Akachovya tena dole,
Lenye pete sasa lile,
Kando ya doa la kale
Akabana kwa makini.

Kisha akamtazama
Mwanangu alosimama
Mvukutoni, ahema:
"Huyu naye, farasini."

Ningekataa kwa lipi?
Honama, kelele wapi?
Alitafuta ni ipi
Nguo safi sandukuni.

Nagesha wetu kaenda
Na ndevu hazijatanda.
Farasi alompanda
Karudi tupu, jioni.

Nikamkagua kwato:
Vyuma vyangu, vya uzito,
Vimevuka mito, mito,
Vi imara miguuni.

Leo wapo waimbao
Sifa za mfalme wao;
Mimi ukuta ninao
Na mawili ya madeni.

Mke hupaka chokaa
Kila mwaka, na madoa
Hayagusi; huambaa
Kama mwana kitandani.