Vyumba Viwili

Diski ya kwanza ilikufa mwezi wa tatu, hapa Nkuhungu,
ikigonga tik, tik, tik,
kama kuku anayedonoa sufuria tupu.
Ndani yake harusi ya Ndahani, tangu posa hadi keki,
kipaimara cha watoto wa Hombolo,
na faili moja ndogo, sekunde arobaini na moja,
ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Harusi niliilipa. Nilirudisha laki nne,
na Ndahani bado ananinunia tukipishana sokoni Majengo.

Ile faili niliwahi kumtumia dada yangu Kondoa,
kwenye simu, siku moja tu, kwa bahati.
Ndiyo maana ipo.
Bahati si mahali pa kuweka kitu.

Basi nikatoka kutafuta kisanduku.
Barabara ya Saba, dukani kwa Yaledi,
feni inazungusha vumbi lilelile la jana.
"Vyumba viwili au vinne, dada?"
Vinne, moyo ulisema. Pochi ikakohoa.
Viwili.
Nikauliza kinakula umeme kiasi gani,
nikauliza kama kinanguruma usiku,
maana kitakaa sebuleni juu ya kabati la vyombo
na nyuma ya ukuta ule analala mtoto.

Kisha diski. Hapo ndipo penye kazi.
Kuna za kamera za ulinzi, zimezoea kuandika tu;
kuna za kompyuta za mezani, zinapenda kusinzia;
kuna za kukesha, na bei yake unakesha nayo.
Yaledi akaleta moja, nailoni inang'aa:
"Mpya kabisa, terabaiti nne, nusu bei."
Nikasema tuiunganishe kwanza.
Akacheka. Tukaiunganisha.
Saa ilizofanya kazi: elfu thelathini na moja na ushei.
Miaka mitatu na nusu imezunguka mahali nisipopajua,
imebeba watu nisiowajua,
kisha ikafutwa uso, ikavalishwa nailoni kama bibi harusi.
Yaledi akaangalia feni.

Kwetu Mvumi mama alikuwa na vihenge viwili vya uwele.
Sikuwahi kumsikia akieleza kwa nini.
Nilidhani ni majivuno.
Mwaka fukusi walipoingia kimoja
alikichoma bila neno, akasimama mbali na moshi,
jioni akafungua cha pili.

Nilinunua diski moja kwa Yaledi (mpya kweli, saa sifuri)
na nyingine duka la jirani,
kwa sababu pacha waliotoka kiwandani siku moja
huweza pia kuugua siku moja.
Kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule.
Ila kioo hakina akili:
ukifuta huku, kule nako kumefutika;
umeme ukirudi kwa hasira unaunguza vyumba vyote;
mwizi naye habebi nusu ya kisanduku.
Kwa hiyo ya tatu, kuukuu, nimeisokomeza ndani ya soksi,
ikapanda basi la Kondoa chini ya kiti cha dereva.

Deni la kikoba, bado wiki kumi na moja.
Terabaiti nne, mume wangu anauliza, za nini zote hizo?
Harusi, namwambia. Kazi.

Usiku upepo wa Agosti unapenyeza vumbi chini ya mlango,
taa mbili za kijani zinapepesa juu ya vikombe.
Nafungua ile faili, sauti chini, mtoto asiamke.
Jogoo. Mlango wa bati.
Halafu mama, hajui kama narekodi:
"Chumvi mmeweka?
Au kila mtu amemwachia mwenzake?"