Sifa za Viumbe Hai

Ombeni alikifunga Jumapili,
kidude cheupe, saizi ya kifuniko cha chupa,
kwenye kona ya dari, juu ya kabati la vyombo.
Amekipata Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe,
kwa bei ambayo hakutaka kunitajia.
"Mama, swichi uisahau.
Ukiingia inawaka, ukitoka inazima.
Uniti za LUKU zitakaa mpaka uzichoke."

Kweli. Niliingia, ikawaka.
Nikatoka nikaingia tena, makusudi, kama mtoto.

Ila kazi yangu mimi ni ya kukaa.
Madaftari themanini na mawili ya darasa la tano,
kalamu nyekundu, chai inayopoa,
na swali la nne: Taja sifa saba za viumbe hai.
Shingo imeinama, joto la Februari limenikalia mabegani,
mkono tu ndio unaocheza,
tena mchezo mdogo, wa vema na kosa,
na ghafla, giza.

Kidude kimetazama sebule nzima,
kikaona kochi, kikaona meza, kikaona feni mbovu,
kikaamua hapa hakuna mtu.

Basi nikajifunza kupunga.
Kila dakika tano, ndivyo kilivyopangwa,
nanyanyua mkono wa kushoto, naupepea hewani
bila kuinua macho, kama anayefukuza inzi,
na mwanga unarudi mbio, una aibu kidogo.
Siku nyingine nilikitukana.
Siku nyingine nilikiambia, nipo bwana, nipo.

Lusajo alijibu swali la nne
kwa kuandika "kujongea" mara saba,
kwa mwandiko safi, kila moja na namba yake.
Nikampa moja kati ya saba.
Nikatazama juu darini. Na wewe, nikasema, moja kati ya saba.

Nilipolalamika, Ombeni alicheka kwenye simu,
akaja na kingine, chembamba.
Hiki, alisema, hakingoji mtu arushe mikono.
Kinatuma mawimbi, yanagonga kifua, yanarudi;
kifua kikipanda na kushuka,
kinajua kuna mtu.
"Hata nikisinzia?"
"Hata ukisinzia, Mama. Ilimradi unapumua."
Hapo akamkumbuka baba yake, akainamia bisibisi.

Kujongea, kupumua. Mbili kati ya saba.
Wiki nzima taa haikuzima.
Nilisahihisha kwa raha zangu,
mkono wa kushoto ukaenda likizo.

Alhamisi, baada ya magharibi, hodi.
Bi Mwajabu, jengo la pili, ghorofa ya nne,
ambaye tangu tuhamie hapa Magomeni Kota
hatujawahi kuombana hata chumvi.
Lifti imegoma; amepanda ngazi zangu zote
na goti lake bovu.
Hakukaa. Alishika fremu ya mlango.
"Mwalimu, nimekukosea nini?"
"Mimi?"
"Kila jioni unanipungia, nami nakupungia.
Naweka kiti kibarazani kwa ajili hiyo.
Wiki hii nimepunga mpaka bega linauma,
wewe umeinama tu.
Nikasema, ama anaumwa, ama nimemuudhi."

Ningemweleza. Mawimbi, kifua, dakika tano.
Kinywa kilifunguka, kikafunga.
"Karibu ndani," nikasema, "chai ipo."
Juu yetu kidude kilijua kuna mtu.
Wangapi, hakikujua.

Ombeni huniuliza kama kile kipya kinafanya kazi.
Kinafanya.
Lakini saa moja na nusu naweka kalamu,
nasimama dirishani,
taa imewaka vizuri nyuma yangu
wala haina shida na mkono wangu.
Leo ng'ambo umeme umekatika, jengo zima jeusi.
Sioni mtu.
Kiti chake nakijua kilipo.
Napunga kuelekea huko.