Kufuli Tatu

Sanduku la chama chetu pale Chavakali
ni la bati, limepakwa rangi ya samawati,
lina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza anao Musimbi, muuza omena,
wa pili Kageha, mjane wa fundi baiskeli,
wa tatu Roda Vugutsa, ambaye hasemezani na Kageha
tangu ugomvi wa ndama, mwaka wa mvua ya mawe.
Ndiyo maana walimchagua.

Kila Alhamisi saa tisa
maadui hao wawili huinama bega kwa bega,
chuma hulia ndani ya chuma,
noti humwagwa juu ya leso
na kuhesabiwa kwa sauti, mara mbili,
mara ya pili na Mama Imali asiyejua kusoma,
kwa kuwa yeye, wanasema, hadanganyiki na maandishi.

Mimi niko Mbale, ofisi ya ardhi, dirisha namba nne.
Nina muhuri, nina wino,
nina kiti chenye mguu mmoja mfupi
niliouinua kwa jalada kuukuu.
Mbele yangu kioo,
kwenye kioo tundu la ukubwa wa kisahani,
na midomo huja hapo mmoja mmoja:
Faili yangu, binti.
Bado haijapatikana. Rudi Jumatatu.
Sijui nani alinifundisha maneno hayo.
Niliyakuta mezani
pamoja na kalamu ya aliyenitangulia.

Azigwa amerudi Jumatatu kumi na moja.
Alikuwa bawabu wa shule, sasa hana mlango wa kulinda
ila mpaka wa robo ekari
ambao mpwa wake anausogeza usiku, hatua kwa hatua,
lusiola moja inang'olewa huku, inapandwa kule.
Akifika kwenye kioo huvua kofia.
Babake alivua hivyo hivyo mbele ya karani wa kodi,
na hakufundishwa kwa maneno.
Jumatatu ya kumi na mbili akaja na jogoo kwapani.
Sikuwa nimeomba.
"Mkono mtupu haulambwi," akasema, kwa adabu kabisa,
na jogoo akanitazama
kwa jicho moja, kama mkaguzi.

Kageha alipokwenda kupasuliwa macho
nikajitolea: nipeni mimi ufunguo.
Nimesoma, nina mshahara, nimezaliwa hapa,
mlinibeba mgongoni nyote.
Kimya. Mtu akakoroga chai isiyo na sukari.
Kisha Roda: "Mwanetu, tunakupenda.
Ila wewe u wa serikali."
Wakacheka. Nami nikacheka, nikichelewa kidogo.

Ufunguo wakampa Selina,
yule aliyekula pesa za maturubai mwaka juzi
akazirudisha shilingi kwa shilingi
mbele ya macho yetu, akilia, huku Mama Imali akihesabu.
"Wizi wa huyu tunaujua," wakasema,
"tuliuona ulipoanzia, na ulipoishia."

Ingekuwa hadithi
faili ya Azigwa ingekuwa chini ya mguu wa kiti changu.
Niliinama, nikalivuta lile jalada,
nikapangusa vumbi kwa kiganja.
Silo lake.
Ni la mama mmoja wa Gisambai.
Barua saba za kuulizia, mwandiko ule ule,
ya mwisho fupi kuliko zote,
kisha hakuna.
Hakujibiwa, hakushtaki, hakupiga kelele.
Aliacha tu kuja.

Jumatatu nikafungua mlango wa kando.
Azigwa akasimama kizingitini, kofia mkononi,
akauliza mara mbili kama inaruhusiwa.
Sikujua. Nikamwambia aingie.
Nikawa nasoma majina kwa sauti, yeye akihesabu,
rafu ya kwanza, ya pili, panya mmoja mkavu, ya tatu.
Tulifika mia nne na sita
mlinzi akaja kufunga.
Hatukuwa tumeipata.

"Kesho tuanzie mia nne na saba," akasema,
akavaa kofia yake
humo humo ndani.