Utendi wa Gego

Kwa la Mola naandika,
shavu bado lafutuka,
kalamu yatetemeka
na pamba imo kinywani.

Sina vita vya kutaja,
wala shujaa mmoja;
ni gego, tena vioja,
la kushoto, chini, ndani.

Mimi Shekuwe Bakari,
mkorogaji sukari,
samli, iliki, nari,
haluwa, hapa Langoni.

Kila chungu hukionja,
kijiko hadi kiganja;
sikujua najichanja
kwa utamu wa kazini.

Kwanza liligonga juzi,
taratibu, kama mwizi;
jana likaketi wazi
kuvuta kiko tayani.

Na leo ndiyo harusi
ya kwa Bwana Idarusi;
kilo tisini halisi
zangojewa Mkomani.

Mwiko nikiuzungusha,
gego nalo laamsha
mshipa unaowasha
toka taya hadi mboni.

Mwanatumu akaleta
karafuu na mafuta,
pamba akaisokota,
akaitia shimoni.

Nikapoa, nikacheka,
nikadhani limechoka;
kumbe lilikwenda teka
nguvu zake kisimani.

Jirani wakasikia,
dawa wakanitajia:
chumvi, tangawizi pia,
na mswaki wa porini.

“Humo mdudu,” kanadi
Famau, mtu wa udi;
“mfukize, hana budi
kutokea sikioni.”

Nikafukizwa kwa jiko
kama nguo ya mwaliko;
mdudu hakuwa huko.
Nikanukia, jamani!

Saa nane, wamelala,
hata paka wa jalala;
nazuru kila mahala,
toka uwani darini.

Ukuta una baridi,
shavu langu lafaidi;
nikaupa na ahadi:
chokaa mpya mwakani.

Punda kapiga kelele.
Nikawaza: meno tele,
yakimuuma milele
hueleza lugha gani?

Mguu ukivunjika,
watu huja kukushika;
jino, watu hukucheka,
na shavu kama la nyani.

Nalibembeleza: “Bwana,
tumekula mengi sana
tangu mimi ni kijana,
leo waniuma kwani?”

Likajibu: duku, duku,
sauti ya dukuduku
la madeni, kila siku
yalokopwa sukarini.

Ikaiva, ikang'aa,
iliki ikazagaa;
kuonja nikakataa,
kaonja wangu mwandani.

Akanyamaza kitambo,
akanena: “Pana jambo,
chumvi ndogo, bila tambo;
ni machozi, au nini?”

Kulipokucha nikenda,
kitambaa nimetanda,
kama mwali anokwenda
kutolewa ukumbini.

Daktari, msichana,
Saumu ndilake jina,
mkono mdogo sana
na koleo mfukoni.

Akauliza: “Ni lipi?”
Najibu: “Sijui lipi!
Limenyamaza, li wapi?”
Kama mtoto chuoni.

Sindano ikanichoma,
mdomo ukawa nyama
ya mtu mwingine, nzima,
imebandikwa usoni.

Kavuta. Likakataa.
Kavuta tena. Balaa.
Kichwa kizima “karaa”,
komeo la mlangoni.

Likawekwa kwenye pamba,
dogo kama mwana-kamba.
Hili ndilo lilotamba,
likanikesha darini?

Harusini walisema
hii ndiyo tamu, njema;
Mwanatumu kainama,
kacheka buibuini.

Utotoni twalirusha
paani, na kukumbusha
kunguru kubadilisha
kwa jingine la thamani.

Leo, mzee, kunguru
hana langu, niko huru;
nalizika, nashukuru,
penye jivu la jikoni.

Na ulimi, kila mara,
hwenda pale kwa ziara,
ukibisha kwa papara:
jirani hayuko ndani.