Kigae cha Kumi na Saba

Karani wa Kinondoni alivua miwani, akanambia:
ukiisukuma chini ya geti, hujaipeleka.
Ukimpa mtoto wa jirani, hujaipeleka.
Ukiipiga picha ukamrushia, tiki zikawa za buluu,
bado, ndugu yangu, hujaipeleka.
Mkononi mwake. Au getini, na shahidi.
Tena andika saa.

Nimeandika saa.
Jumanne, saa moja asubuhi: Bwana kasafiri, Bukoba, msibani.
Alhamisi, saa kumi na mbili jioni: Bwana kalala.
Leo Jumamosi nimekuja na mjumbe wa huku Goba,
Bi Mwanjaa, kandambili miguuni, mhuri kibindoni.

Malugu mlinzi akasema alivyofundishwa:
"Hayupo."

Lakini sebule ile niliitandika mimi.
Vigae mia nne na kumi na viwili,
magoti yangu juu ya mfuko mtupu wa saruji,
na cha kumi na saba, karibu na mlango wa jikoni,
kimebaki na uvungu
kwa sababu Bwana alikataa kuongeza mfuko mmoja wa gundi.
"Banabana, fundi."
Nikabana.

Basi tumesimama pale, watatu, kimya,
na ndani mtu akakanyaga:

ko.

Bi Mwanjaa akanigeukia. "Umesikia?"
Nimesikia, nikasema.
Nimesikia milioni moja na laki nane
zikitembea na ndala.

Sikupiga kelele. Baba alinifundisha
kuchekecha mchanga; kudai hakunifundisha.
Ndoo yangu ina kiporo cha gundi ile ile.
Nikapaka mgongo wa notisi kwa mwiko wa meno,
nikaibandika kwenye bati la geti, usawa wa macho,
nikaweka pima maji juu yake.
Kiputo kikakimbilia kushoto.
Nikaisogeza kidogo. Kikatulia.

Saa nne na dakika kumi na moja, akaandika Bi Mwanjaa,
akaupulizia mhuri pumzi ya moto, akagonga.

Malugu akaisoma yote, kidole kikifuata mistari
mpaka pale penye siku kumi na nne.
Akarudia pale pale.
Kisha akauliza, sauti chini,
mgongo kaupa dirisha:

"Na mtu akidai mshahara, fundi,
karatasi ni hii hii?"