Neno Nililoliruka

Daftarini niliandika: Mshtakiwa alitamka neno.
Nyamizi akanyoosha shingo juu ya meza.
"Neno gani, karani? Mimi nasema mengi."

Baraza la kata, Igogo, Jumanne, joto la mabati.
Masalu, mpimaji dagaa wa mwaloni,
kavaa shati la kanisani, anatazama viatu vyake.

La choo, nikanong'ona.
"Choo ni jengo. Sikumwita jengo."
Kinyesi?
"Hilo la bwana afya, siku ya kutoza faini."
Haja kubwa?
"La Bugando, ukiwa na kikopo mkononi."
Samadi...
"Samadi watu wananunua!
Nilisema mavi. Mzani wako mavi, Masalu.
Andika."

Kalamu ikasita.
Kwa neno hilo mama alinizaba kofi nikiwa na miaka sita,
na jioni ileile, akimfuta mdogo wangu,
akalitamka kwa sauti ya kubembelezea.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, hakujizuia.
Halina umoja, akasema, hakuna aliyewahi kukanyaga vi moja;
limekaa ngeli moja na maji, maziwa, mate, machozi.
Mzani tulipewa na Mwarabu, meza na Mreno,
shati la Masalu ni la Mwingereza.
Hili halikuletwa na mtu.
Bibi yake kule Ukerewe alilitamka karibu vilevile,
na wahunzi, chuma kikishajitenga na uchafu wake,
kilichobaki walikiita mavi ya chuma,
wala hawakuitwa barazani.

Masalu akaona upenyo: "Yaishe, mama.
Mavi ya kale hayanuki."
"Haya ni ya leo asubuhi," Nyamizi akajibu,
na mgambo wa mlangoni akageukia ukuta,
mabega yakimtikisika.

Ukaletwa mzani. Ikaletwa sukari ya dukani,
kilo moja, haijafunguliwa.
Mshale ukapanda, ukachokea kwenye robo tatu.
Kimya. Nzi mmoja.

Hukumu: Masalu, mzani mpya, na fidia ya miezi minne.
Nyamizi, shilingi elfu tano, kwa matusi.
Akatoa noti moja kwenye pindo la kanga,
kama aliyekuja nayo makusudi.

Nami nikarudi juu ya ukurasa, nikakata "neno",
nikaliandika lenyewe, herufi nne.
Kesho yake, nilipofunua karatasi,
vidole vililikuta upande wa pili, limetuna:
nilikuwa nimeikandamiza kalamu pale
kuliko kwenye sahihi yangu.