Meno Kumi na Moja

Jumatatu ndege haikutua. Ukungu.
Jumanne ikatua, ikamshusha Zipora Sakakeep
na mjukuu wake, Trayden, miaka minne na nusu,
skafu imefungwa kidevuni hadi utosini,
shavu limeumuka kama andazi.

Mimi ndiye niliyewapokea, mzaliwa wa Pangani.
Kazi yangu kushika taa na kufyonza damu
hapa Sioux Lookout, kaskazini ya Ontario,
nchi ya maziwa yasiyohesabika
ambako maziwa ya mtoto
hupanda ndege na kushuka na bei ya dhahabu.

Tangu lini? nilimuuliza.
Akahesabu kwa vidole, si siku, ni safari za ndege:
daktari wa meno huja kijijini kila wiki ya sita,
hewa ikiridhia.
Mara ya kwanza, theluji.
Mara ya pili alikuja, kiti kikakataa kuinuka.
Mara ya tatu aliona watoto arobaini kwa siku mbili
akamwandika Trayden kwenye orodha.
Orodha ilikuwa na miezi kumi na minne.
Jino halijui kusoma orodha.

Usipoziba ufa. Najua, najua,
nilikaririshwa darasa la tatu kwa fimbo.
Fimbo haikuniambia kuna mahali
udongo wa kuzibia husubiri rubani.

Fomu ina kijisanduku:
*Je, mlezi humpigisha mtoto mswaki?*
Bibi hakujibu. Alifungua mkoba,
akatoa mswaki mdogo wa buluu,
nywele zake zimelala upande mmoja
kama nyasi alipolala mnyama.
Maji tunachemsha, akasema. Ya mswaki pia.
Nikatia alama ya ndiyo,
nikaikoleza mpaka karatasi ikatoboka.

Chumba cha upasuaji. Barakoa ina harufu ya stroberi.
Hesabu, baba, nilimwambia, kwa Kiswahili, sijui kwa nini.
Akahesabu kwa lugha ya bibi yake:
*peshik… niish…*
tatu hakuifikia.

La kwanza lilivunjika kama sukari guru.
La pili, la tatu, yakalia kwenye sinia la chuma,
ti, ti,
mengine hayakulia, yalikuwa laini mno.
Kumi na moja.
Daktari alivua miwani, akaifuta, ikabaki na ukungu.

Nje, bibi alikuwa amesimama.
Viti vyote vitupu, yeye amesimama.
Nilipelekwa shule na miaka sita, akaniambia, shule ya mbali.
Huko walining'oa jino bila sindano.
Nililia kwa lugha yetu, wakaning'oa la pili.
Akanyamaza. Kisha:
Mpaka nina miaka hamsini
sikumfunulia mtu kinywa.

Kwetu husema kinywa ni jumba la maneno.
Sikumwambia. Si kila methali
inabisha hodi kila nyumba.

Nipe, akasema. Nini? Meno yake.
Sheria inataka ndoo ya njano, kifuniko, moto.
Nilikuwapo la kwanza lilipoota, akasema,
alimng'ata mamake titi, tukacheka mpaka jirani akaja.
Nikayaosha. Nikayafunga kwa shashi.
Mkono wake ulikuwa tayari umefunguka.

Alipozinduka Trayden aliomba samaki.
Supu, nikasema, supu kwanza.
Akataka kutaja jina lake, T ikakosa pa kugonga,
akajaribu tena, akashangaa,
akaupeleka ulimi huku na huku
kama mtu anayepapasa swichi
katika nyumba iliyohamishwa vyombo.

Usiku nilipiga mswaki kwa maji ya bomba, mabichi.
Nikahesabu yangu kwa ulimi, yametimia;
la utotoni nililitupa juu ya bati
nikaomba jipya, likaja
kabla ya mavuno.
Bomba lilikuwa bado linamwaga. Nikalifunga.

Kesho ndege, walisema,
mawingu yakipenda.